Nilizishinda Divai Tatu

Ko. Ko. Ko.

Bomba la hita liligonga ukutani kama linavyogonga kila alfajiri, maji ya moto yanapopanda hadi kwetu ghorofa ya sita. Nilikuwa macho tayari. Nilikuwa nimelala kwenye kochi, kwa sababu kitanda ni kimoja na nilishakitandika shuka safi tangu jana yake. Sikutaka kuzikunja. Zilikuwa za mjukuu wangu.

Mlionisoma wiki zilizopita mnajua jinsi nilivyoanza kunywa. Mnajua barua za ukimbizi zilizochelewa miaka minne. Mnajua kifo cha mume wangu, nilichokisikia kwa simu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta. Na mnajua siku ile niliyolala na chupa kifuani huku Bijou, mwenye miaka sita, akinisubiri kwenye lango la shule mpaka giza likaingia.

Binti yangu Laurette hakunipigia kelele. Alikusanya nguo za mtoto, akaondoka naye.

Tangu siku hiyo sikugusa pombe. Miaka miwili na miezi mitatu. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Laurette kumwona mtoto, saa mbili tu, mama yake akiwa amekaa hapo hapo sebuleni.

Na sasa, Septemba ya mwaka 2003, Laurette alikuwa amesema neno nililokuwa nalingoja. Jumamosi saa moja jioni angemleta Bijou alale kwangu. Usiku mmoja.

“Tone moja, mama,” aliniambia. “Tone moja tu, na hata hizo Jumapili basi.”

Jumamosi yenyewe ndiyo iliyokuwa inapambazuka. Na mimi nilikuwa naenda kwenye viwanda vya divai.

Laurette hakujua. Sikumwambia.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kumtunza Papa Fortunat, mzee wa miaka themanini na moja, mtu wa kwetu Bukavu, anayeishi peke yake Woolwich, dakika kumi kutoka kwangu. Kituo cha wazee kilikuwa kimeandaa matembezi ya siku nzima huko Kent. Viwanda vitatu vya divai, kila kimoja na chokoleti zake. Wazee waonje, walinganishe, halafu jioni waseme kipi kimeshinda. Kila mzee na mtunzaji wake.

Ningeweza kukataa. Lakini ajensi iliyoniajiri ingeuliza sababu, na sababu yangu ilikuwa ya kunifukuzisha kazi. Tena mzee alikuwa amekwisha kunionyesha shati jeupe atakalovaa. Alinionyesha mara tatu.

Nilimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni, kofia magotini.

“Mama Agathe, ni kweli Waingereza banatengeneza divai?”

“Ndivyo banavyosema, papa.”

“Na jua banalitoa wapi?”

Alicheka mwenyewe. Mjue kwamba Papa Fortunat hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya divai. Kwa miaka thelathini alikuwa mkuu wa wahudumu kwenye hoteli moja kubwa kando ya ziwa, kule Bukavu. Mawaziri walikunywa kutoka mkononi mwake. Na kabla waziri hajanywa, Fortunat alionja kwanza, akameza, akasimama pale dakika moja ili waziri amwone bado yu mzima.

Kwetu ndivyo ilivyo. Watu wanaogopa sumu. Anayekupa kikombe anaonja mbele yako, ameze, ndipo akupe. Akikataa kuonja, amekuambia kwamba anajua kilichomo.

Kwa hiyo tangu nianze kumtunza, nilimwonjea kila kitu. Chai nilionja. Uji nilionja. Supu nilionja na kijiko changu. Bila hivyo hakuweka kitu mdomoni.

Na bado sikuliona shimo lililokuwa mbele yangu. Nilifikiri nitakaa tu pembeni na mkoba wangu.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa jumba la vioo juu ya kilima. Kijana mmoja mwenye tai ya kipepeo alitupanga mezani, akatueleza habari za udongo kwa nusu saa. Akamimina divai nyeupe yenye mapovu. Glasi kwa wazee, glasi kwa watunzaji. Katikati ya meza kulikuwa na ndoo ndogo ya fedha ya kutemea.

“Banatema?” Papa Fortunat aliuliza. “Divai?”

“Ili wasilewe, papa.”

“Basi wabaki nyumbani.”

Aliinua glasi yake, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa. Halafu akanisogezea.

“Nionjee.”

Nikairudisha upande wake.

“Papa, hapa ni kwa Wazungu. Wamefungua chupa mbele yetu.”

“Hata mimi nilifungua mbele ya watu. Nikaonja pia.” Akatabasamu kama mtoto. “Miaka thelathini niliwaonjea wengine, Mama Agathe. Leo na mimi nataka nionjewe kama waziri.”

Mtafanyaje na neno kama hilo? Nilichukua glasi. Harufu ilinipanda puani, ikaenda moja kwa moja mahali nilipodhani nimeshafunga. Nikaigusisha midomoni, midomo ikiwa imebanwa. Nikashusha. Nikajipangusa na leso.

“Nzuri,” nikasema.

Mzee alikuwa hatazami mdomo wangu. Alitazama shingo.

Alichukua glasi yake taratibu, akaiweka mezani. Hakunywa. Alisukuma na kisahani cha chokoleti kuelekea kwangu.

Upande wa pili wa meza, Angélique aliona yote.

Angélique ni mwanakwaya mwenzangu, naye mtunzaji kama mimi. Siku hiyo alikuwa na mzee wake, bibi mmoja wa Kigujarati asiyesikia vizuri. Ndani ya basi alikuja kuketi nyuma yangu, akapenyeza kichwa kati ya viti.

“Mama Agathe. Kwenye ile glasi kulikuwa na nini?”

“Divai.”

“Mbona hukumeza?”

“Nilimeza.”

“Ulimeza hewa.” Akapunguza sauti, lakini si sana. “Mzee hana mtu hapa. Mtoto wake yuko Brussels. Leo ukikataa kumwonjea, kesho tumbo likimuuma, watu watasema nini kanisani? Mimi nakusaidia tu.”

“Asante kwa kunisaidia.”

“Ukitaka kusali pamoja, niambie.”

Papa Fortunat alikuwa kando yangu, uso dirishani. Alisikia. Hakugeuka. Na mimi kilichonichoma si maneno ya Angélique. Kilichonichoma ni kwamba mzee alikuwa ametoa mkono wake kwenye mkono wangu na kuuweka mfukoni.

Nilikuwa na njia mbili. Nimwambie mbele ya basi zima kwamba mimi ni mlevi niliyeacha. Au nimeze tone moja, mzee awe na amani, na Laurette asijue. Nilizihesabu hizo njia mbili maili kumi na mbili. Nilifunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga.

Tulipofika nilikuwa nimeamua kumeza.

Kiwanda cha pili hakikuwa na vioo. Kilikuwa shamba la zamani, na ghala la mbao linalonuka mbwa na majani mabichi. Mwenyeji alikuwa mama wa Kizungu wa rika langu, buti zina matope, nywele hazijachanwa. Hakutoa hotuba.

“Kaeni mnapopenda,” alisema. “Mimi namimina, nyinyi mnasema.”

Akaanza kuzunguka na chupa. Watu wetu wote sasa walikuwa wananitazama, kwa sababu Angélique alikuwa amewasaidia nao, kwa kuwaambia.

Papa Fortunat hakusema “nionjee” safari hii. Aliniangalia tu.

Nilinyoosha mkono kuchukua glasi na mkono ukatetemeka mpaka pete yangu ikagonga kioo. Yule mama alikuwa amesimama kando yangu na chupa. Alitazama mkono. Alinitazama usoni, mara moja tu, kama mtu anayetazama saa.

“Hii imekwisha,” alisema, na chupa ilikuwa nusu. “Ngoja nifungue nyingine.”

Akainama chini ya meza yake. Akarudi na chupa isiyo na karatasi, akanimiminia mimi, kidogo. Kisha akachukua chupa ya kwanza na kumjazia mzee.

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, Bijou, unisamehe. Nikameza.

Yalikuwa maji ya zabibu.

Maji matupu ya zabibu, matamu, ya kumpa mtoto. Nilipofumbua macho yule mama alikuwa ameshafika meza nyingine, akimwuliza bibi wa Angélique kama anasikia baridi. Mpaka leo sijui jina lake. Sijui alijuaje. Lakini kila nikisikia watu wakisema nchi hii haina huruma, nakumbuka buti zile.

Nikameza tena, kwa nguvu, ili koo lionekane.

“Haya, papa. Kunywa.”

Papa Fortunat aliitazama glasi yangu. Akaichukua. Akaipeleka puani, na hapo nilijua nimekwisha. Unaweza kumdanganya mzee macho. Pua ya mtu wa divai huidanganyi.

Alinusa. Akanusa tena. Uso wake ukabaki vile vile, uso wa mhudumu mbele ya mawaziri.

Halafu akainywa yote. Glasi yangu. Akapangusa midomo kwa leso nyeupe, akageukia meza.

“Sikilizeni,” alisema kwa sauti ya hoteli. “Kile kiwanda cha kwanza, kwa pua yangu, kina nguo nzuri, mwili hakuna. Divai ya hapa Mama Agathe ameionja, ameimeza, nami nimeinywa baada yake. Hii ndiyo ya kwanza kwangu leo.”

Angélique alitazama sahani yake.

Baadaye mimi na mzee tuliketi nje, kwenye benchi karibu na mizabibu. Wengine walikuwa wanapiga picha.

“Tangu lini?” aliniuliza.

Sikujifanya sijaelewa. “Miaka miwili na miezi mitatu, papa.”

“Na hukuniambia.”

“Ungekubali mlevi akupikie uji?”

Alifikiri. “Hapana,” akasema. “Nisingekubali. Ningekosa uji mzuri.”

Nikalia kidogo. Aliniacha nilie. Halafu akasema, “Nimehudumia wanywaji miaka thelathini, binti. Najua mkono unaotetemeka kwa uzee, najua unaotetemeka kwa kiu. Leo asubuhi nilikuwa nimejaa uwaziri kichwani, sikuuona wako. Kosa ni langu.”

“Si lako, papa.”

“Nasema ni langu. Kiwanda cha tatu nitaonja mwenyewe. Ikiwa ni sumu, nife nimevaa shati zuri.”

Nilimweleza basi habari ya Bijou. Nilimweleza saa moja jioni. Alitikisa kichwa, akaniuliza mtoto anapenda kula nini.

Kiwanda cha tatu kilikuwa cha matajiri, mazulia chini, wasichana wenye glavu nyeupe. Divai nyekundu. Papa Fortunat aliinuka kabla ya watu wote, akaonja, akameza, akabaki amesimama dakika nzima.

“Bado mzima,” aliwatangazia. “Na leo mimi ndiye niliyemkataza Mama Agathe kuonja. Amechoka. Mwenye swali aniulize mimi.”

Hakuna aliyeuliza. Alionja mara ya pili, akanikunjia uso.

“Hii ni kama mtu aliyeoga kwa manukato ya jirani.”

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo. Nilikuwa nimepita. Divai tatu, na kinywa changu safi. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa moja ilikuwa inakuja, na shuka zilikuwa kitandani.

Ndipo msichana wa glavu akaleta kisahani. Chokoleti sita, nyeusi, ndogo kama vifungo vya koti.

“Hizi ni zako,” mzee aliniambia. “Mimi meno hayataki. Kula zote, binti, leo umefanya kazi.”

Alinisogezea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyowasogezea wakubwa.

Nikaitia ya kwanza mdomoni. Nikauma.

Ilipasuka. Kitu cha moto kilitoka ndani yake, kikanimwagikia chini ya ulimi, kikashuka.

Nimewaahidi tangu wiki ya kwanza kwamba sitawaficha kitu. Basi sikieni. Ile ya kwanza sikujua. Hakuna aliyeniambia, na mzee mwenyewe hakuwa amezigusa. Lakini mtu kama mimi hahitaji kuambiwa mara mbili. Nilijua ni nini kabla sijamaliza kutafuna. Nilijua, kisahani kilikuwa mbele yangu, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Angélique mwenyewe alikuwa amegeuka.

Nikala ya pili.

Nikala ya tatu na ya nne bila kutafuna. Ya tano niliishika mdomoni mpaka ikayeyuka yenyewe. Ya sita nilimpa bibi wa Kigujarati, si kwa sababu ya wema, ila alinyoosha mkono.

“Tamu?” Papa Fortunat aliniuliza.

“Tamu sana, papa. Asante.”

Alifurahi. Ile furaha ya mzee ndiyo iliyokuwa chungu kuliko vyote.

Ndani ya basi watu walipiga kura na shamba la buti likashinda. Waliimba. Mimi kifua kilikuwa na joto ninalolifahamu, na chini ya joto kulikuwa na sauti ninayoifahamu zaidi. Haikuwa inasema “umekosa”. Ilikuwa inasema “na kingine?”

Nilimfikisha mzee nyumbani, nikampashia supu, nikaionja mbele yake. Nikatoka. Njia ya kwangu inapita sokoni, na kwenye kona kuna duka. Nilisimama mbele ya kioo chake. Chupa zilikuwa zimepangwa vile vile. Mwenye duka alinitambua, akanipungia mkono kwa adabu, kama mtu aliyekosa mteja muda mrefu.

Sikuingia. Lakini msinisifu. Nilisimama pale mpaka taa za barabarani zikawaka.

Nilipofika juu, walikuwa wananisubiri mlangoni. Laurette na sare yake ya kazi. Bijou na begi lenye picha ya paka.

“Koko, umechelewa,” Bijou aliniambia mimi bibi yake, na mlango ulipofunguka alikimbilia chumbani kuona kitanda.

“Umechoka, mama,” Laurette aliniambia. Alisema kwa upole. Alikuwa amekuja na moyo mzuri siku hiyo, niliuona usoni.

“Kaa kwanza. Nina neno.”

Hakukaa.

“Leo nilikuwa na Papa Fortunat huko Kent,” nikasema. “Kwenye viwanda vya divai. Vitatu.”

“Ulikunywa?”

“Divai, hapana. Haikupita hapa.” Nikagusa koo.

Nilimwona akishusha pumzi. Mabega yakateremka. Ningeweza kuishia hapo. Hakuna mtu duniani angejua.

“Lakini kulikuwa na chokoleti zenye pombe ndani. Ya kwanza sikujua. Nne zilizofuata nilijua.”

Chumbani Bijou alikuwa anaruka kitandani. Tulisikia vyuma vya kitanda vikilia.

“Kwa nini unaniambia?” Laurette aliuliza. “Nisingejua. Mama, nisingejua kabisa.”

“Kwa sababu ungemwacha hapa na mimi. Na mimi usiku huu sijiamini.”

Alinitazama. Sijui aliona nini. Halafu akainama, akachukua lile begi la paka ambalo hata halijafunguliwa.

“Bijou. Vaa viatu.”

“Lakini tumefika sasa hivi.”

“Vaa viatu.”

Niliwasindikiza mpaka kwenye lifti. Bijou hakulia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu, akitazama mama yake, akinitazama mimi, akitafuta nani wa kuulizwa.

Lifti ikafunguka. Wakaingia. Laurette akabonyeza kitufe na kutazama namba juu ya mlango.

“Koko,” Bijou aliniambia, “kesho Jumapili utakuja kwetu tena?”

Jibu halikuwa langu. Nikamtazama Laurette.

Mlango ulianza kujifunga. Laurette akatoa mguu, akauzuia, ukarudi nyuma. Ukaanza tena kujifunga, akauzuia tena. Bado hakuwa ananitazama.

“Mama,” mtoto alimvuta mkono. “Mwambie aje.”